Usimsome Nabii Bila Mfalme Wake

Kuna mstari wa Yeremia ambao karibu kila mtu anaujua, hata yule ambaye hajawahi kukifungua kitabu chenyewe. Ni sura ya 29, mstari wa 11. Utaukuta nyuma ya daladala, kwenye kadi za mahafali, kwenye kalenda za ukutani, na kila Januari utauona kwenye status za WhatsApp. Kwa ufupi unawahakikishia watu kwamba Mungu anawatakia heri na kwamba huko mbele kuna matumaini.

Mimi sina ugomvi na mstari. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyouchomoa, kama mtu anayechomoa ukuni mmoja na kuuacha mzigo njiani. Hebu muulize aliyeubandika: maneno haya yalisemwa lini? Nani alikuwa mfalme? Waliosikia kwanza walishangilia au walinuna?

Basi twende taratibu. Mwaka 597 KK Nebukadreza wa Babeli aliuzingira Yerusalemu. Mfalme Yekonia, kijana aliyekuwa ametawala miezi mitatu tu, alijisalimisha. Akapelekwa Babeli pamoja na mama yake, wakuu wake na mafundi wa mji. Kwenye kiti chake akawekwa baba yake mdogo, Sedekia. Sura ya 29 ni barua ambayo Yeremia aliwaandikia wale waliochukuliwa mateka, na ilibebwa na wajumbe ambao Sedekia mwenyewe alikuwa anawatuma kwa Nebukadreza. Inawaambia wajenge nyumba, walime bustani, waoze watoto wao, na wauombee heri mji ule ule uliowateka. Kisha unakuja mstari wa 10, ambao daladala haina nafasi ya kuuandika. Unataja miaka 70.

Mtu mzima aliyekaa akasikia barua ile ikisomwa alipiga hesabu akajua kwamba atazikwa Babeli. Heri iliyoahidiwa ni ya kweli, lakini ni ya wajukuu. Na sura moja nyuma yake kuna nabii mwingine, Hanania, amesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anasema mambo yataisha ndani ya miaka miwili: vyombo vya hekalu vitarudi, Yekonia atarudi. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara ya utumwa wa Babeli. Hanania akaivua akaivunja. Sasa niambie, kama ungekuwepo siku ile, ungemshangilia nani?

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Manabii wa Kiebrania wanapaswa kusomwa pamoja na wafalme wao, kwa sababu neno lile lile linaweza kuwa kweli chini ya mfalme mmoja na kuwa sumu chini ya mwingine. Ukimwondoa mfalme, huna tena namna ya kujua umeshika dawa au umeshika sumu.

Tusijilaumu sana kwa kutosoma hivyo, maana mpangilio wa vitabu vyenyewe hautusaidii. Isaya anatangulia, Amosi anakuja mbali huko nyuma ya Danieli, wakati Amosi alianza kazi kabla ya Isaya. Kitabu cha Yeremia ndiyo kabisa: sura ya 21 iko zama za Sedekia, ya 26 inarudi mwanzo wa Yehoyakimu, ya 28 ni Sedekia tena, ya 36 ni Yehoyakimu, ya 37 ni Sedekia. Msomaji asiye na orodha ya wafalme mkononi anazunguka kama mgeni Kariakoo. Upande wa pili, kitabu cha Wafalme nacho kina ukimya wake. Kinamtaja Isaya na kinamtaja nabii mke Hulda, lakini nabii Yeremia, aliyekuwa pale mji ulipokuwa unaanguka, hakimtaji hata mara moja. Wala Amosi. Wala Hosea. Wala Mika Mmorashti. Kila kitabu kimebeba nusu ya habari, na nusu hizo mtu wa kuziunganisha ni wewe msomaji.

Tuanze na mfano mwepesi. Yeroboamu wa Pili alitawala Israeli, ufalme wa kaskazini, miaka 41. Wafalme wa Pili inampa mistari saba tu, sura ya 14. Inampa alama mbaya kwa upande wa ibada, kisha inakiri kwamba alirudisha mipaka ya nchi, na kwamba hilo lilikuwa limetabiriwa na Yona mwana wa Amitai. Ndiyo, Yona huyo huyo tunayemjua kwa samaki. Ukiishia hapo, utasema huyu mfalme pamoja na dhambi zake alikuwa na bahati: vita ameshinda, nchi imepanuka, na nabii yuko upande wake.

Sasa mfungue Amosi, aliyesema siku za mfalme huyo huyo. Huyu ni mchungaji na mtunza mikuyu kutoka Tekoa, kijiji cha Yuda, kwa hiyo kwa watu wa kaskazini ni mtu wa nchi nyingine. Yeye hazungumzii mipaka. Anazungumzia mizani iliyochezewa sokoni, maskini anayeuzwa kwa bei ya viatu, na matajiri wanaojinyoosha kwenye vitanda vya pembe za ndovu. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua Samaria walikuta vipande vingi vya pembe za ndovu vilivyochongwa, na vigae vilivyoandikwa hesabu za divai na mafuta. Kwa hiyo pembe za ndovu hazikuwa chumvi ya mshairi. Utajiri ulikuwepo, na swali la Amosi ni nani aliulipia.

Ndiyo maana Amazia, kuhani wa Betheli, alimpelekea mfalme taarifa kwamba kuna mtu anafanya fitina, kisha akamwambia Amosi arudi kwao akatafute riziki huko, kwani Betheli ni mahali pa ibada pa mfalme. Soma tukio hilo bila Yeroboamu na utaona ugomvi wa watu wawili wa dini. Lisome pamoja na ile mistari saba na utaona jambo zito zaidi: mtu anatabiri maangamizi wakati uchumi unapaa na jeshi linashinda. Nani angemwamini? Lakini baada ya Yeroboamu walipita wafalme sita, wanne wakauawa na watu wao wenyewe, na mwaka 722 KK Samaria ikaanguka mikononi mwa Ashuru. Haikupita hata miaka 30.

Mfano wa pili ni mgumu kidogo, na ndio ulionifanya niandike makala hii. Isaya alifanya kazi Yerusalemu chini ya wafalme kadhaa. Chini ya Ahazi, majirani wawili, Resini wa Shamu na Peka wa Israeli, walikuja kuuzingira mji. Isaya alikwenda kumkuta mfalme kwenye mfereji wa maji akamwambia atulie, asiogope. Ahazi hakutulia. Wafalme wa Pili, sura ya 16, inatuambia alichofanya: alichukua fedha na dhahabu ya hekalu akamtumia mfalme wa Ashuru amsaidie. Akaokolewa na majirani, akawa mtumwa wa mwokozi wake.

Mwanawe Hezekia akaja kulipa deni hilo. Mwaka 701 KK Senakeribu wa Ashuru alishuka Yuda. Akauteka Lakishi, akajisifia ushindi huo kwa kuchongesha picha za mawe kwenye jumba lake kule Ninawi, na picha hizo leo ziko Makumbusho ya Uingereza, London. Katika maandishi yake anadai alitwaa miji 46 yenye ngome na kumfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu. Hadai kwamba aliuingia mji. Isaya alikuwa amesema hatauingia, na hakuuingia.

Hapa weka vitabu viwili ubavu kwa ubavu. Isaya 36 hadi 39 inafanana karibu neno kwa neno na 2 Wafalme 18 hadi 20. Lakini katika Wafalme kuna mistari mitatu, sura ya 18 kuanzia mstari wa 14, ambayo Isaya haina. Inasema Hezekia alimwomba radhi Senakeribu na kumlipa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, hadi akabandua dhahabu ya milango ya hekalu. Ukisoma Isaya peke yake, unabaki na muujiza msafi. Ukisoma vyote viwili, unaona mji ulipona lakini nchi iliumia na hazina ilikauka. Muujiza bado upo, ila sasa una gharama.

Watu wa Yerusalemu walibaki na ule muujiza msafi. Miaka mia moja baadaye imani ilikuwa imeshakuwa ngumu kama jiwe: mji huu hauanguki, hekalu liko humu. Yeremia aliposimama kwenye ua wa hekalu, mwanzoni mwa utawala wa Yehoyakimu, akasema nyumba hii itakuwa kama Shilo iliyobomolewa, makuhani na manabii wakamkamata wakitaka afe. Habari hii haisemi kwamba walimtaja Isaya. Hawakuhitaji. Walikuwa wameshabaki na jibu lake bila kukumbuka swali lake. Kilichokuwa ujasiri mbele ya Senakeribu kilikuwa kimegeuka mto wa kulalia.

Na nani alimwokoa Yeremia? Soma sura ya 26 polepole. Wazee wa nchi walisimama wakakumbusha kwamba Mika Mmorashti alisema maneno kama haya haya siku za Hezekia. Je, Hezekia alimuua? Hakumuua, aliogopa akatubu. Tazama walichofanya wazee wale: walimtaja nabii na mfalme wake kwa pamoja, wakaweka wakati ule na wakati huu kwenye mizani moja. Yaani usomaji ninaoutetea hapa haukubuniwa na maprofesa. Umo ndani ya Biblia yenyewe, na siku ile ulisaidia kumwokoa mtu. Mistari michache mbele kuna nabii mwingine, Uria mwana wa Shemaya, aliyesema hayo hayo. Alikimbilia Misri, akarudishwa, Yehoyakimu akamuua. Kwa upande wake hatusikii mzee yeyote aliyesimama.

Kuna faida nyingine, ya kifasihi zaidi. Katika sura ya 36, Yehoyakimu yuko kwenye nyumba ya majira ya baridi, moto unawaka mbele yake, anasomewa gombo la Yeremia. Kila safu chache zikisomwa anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni. Mwandishi anaongeza kitu kidogo: wala mfalme wala watumishi wake hawakurarua mavazi yao. Kwa nini atuambie jambo ambalo halikutokea? Rudi 2 Wafalme 22. Yosia, baba wa Yehoyakimu, alisomewa kitabu kilichopatikana hekaluni na akararua mavazi yake. Aliyemsomea ni Shafani mwandishi. Na kati ya waliomsihi Yehoyakimu asiuchome ule unabii, mmoja ni Gemaria, mwana wa Shafani. Baba alimsomea baba akararua nguo. Mtoto anamsihi mtoto, naye anachoma kitabu. Bila Wafalme sentensi ile ni maelezo ya ziada. Ukiwa na Wafalme, inachoma kuliko ule moto.

Najua kuna pingamizi. Mtu atasema, ukimfunga nabii kwa mfalme wake unamgeuza mchambuzi wa siasa wa wiki ile, na mashairi yake yamedumu kuliko mfalme yeyote. Ni kweli yamedumu. Ila yamedumu kwa sababu yalikuwa na mtu wa kuambiwa. Pia ni kweli si kila nabii ametajiwa mfalme: Yoeli, Obadia na Malaki hawana. Lakini angalia Hagai na Zekaria, waliosema baada ya kurudi kutoka Babeli: tarehe zao zinahesabiwa kwa miaka ya Dario wa Uajemi, kwa sababu Yuda haikuwa tena na mfalme wake. Hata hapo jina la mfalme linasema kitu.

Njia yenyewe haihitaji vitabu vya bei ghali. Weka alama mbili kwenye Biblia yako, moja Wafalme, nyingine kwa nabii. Amosi na Hosea wasome na 2 Wafalme 14 hadi 17. Isaya 7 isome na sura ya 16. Yeremia msome na sura ya 22 hadi 25, na kila sura ukiianza jiulize kwanza: hapa ni Yehoyakimu au ni Sedekia?

Na ule mstari wa daladala? Ubaki pale pale. Ila siku nyingine ukiuona kwenye foleni, kumbuka walioupokea walikuwa mateka, nabii aliyewaahidi miaka miwili alipendeza zaidi, na aliyewaambia miaka 70 aliwashauri wapande miti.