Juba naye ana kwao

Majuzi tulikusanyika sebuleni hapa Jette, wazee kwa vijana, tukaitazama tena Gladiator ya Ridley Scott, filamu ya mwaka 2000 iliyozoa Oscar 5. Vijana walisifu mapigano, akina mama wakamlilia Maximus. Sisi, kwa macho ya uhandisi, tulilikodolea jengo la Colosseum, lililozinduliwa mwaka 80.

Ubishi ulizuka juu ya Juba, Mnumidia anayeigizwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin. Wengine walisema amepewa heshima: ndiye anayezika vinyago vya mke na mtoto wa rafiki yake mwishoni. Sisi hatukuridhika. Nyumbani kwa Maximus tunaonyeshwa mara kwa mara. Kwa Juba tunasimuliwa tu.

Tena Commodus hakufia uwanjani. Alinyongwa mwaka 192. Filamu inafunga kwa ndoto ya Seneti, kumbe mwaka 193 kiti kilikaliwa na Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo. Mwafrika!

Filamu ni nzuri, itazameni. Ila watoto wetu waliozaliwa ugenini wakiuliza kwa Juba ni wapi, jibu litoke kwetu wazazi.