Karanga Zilikwisha, Kasumba Ikabaki

Mpango wa karanga wa Waingereza, uliofyeka mapori ya Nachingwea, ulivunjwa mwaka 1951. Lugha yao haikuvunjwa. Mwaka 1967 tulikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ikashauri kiendelee hadi sekondari, Serikali ikakataa. Basi mtoto wa mkulima wa Ruangwa aliyejifunza sayansi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akawa bubu. Hii ni kasumba, ndugu, tena ya kitabaka: mwenye fedha humnunulia mwanawe Kiingereza mapema.

Nasi tusijisafishe. Sarufi ya Kimwera, lugha ya bibi wa mtoto huyo, ilichapishwa mwaka 1950 kwa Kiingereza na mgeni, Lyndon Harries. Sisi tuliohubiri utamaduni tulikionea haya Kimwera hata mikutanoni.