Wimbo "uko na mesaji", lakini unamwimbia nani?



Kuna neno moja tunalolitumia sana tukizungumza juu ya nyimbo za hapa Goma: mesaji. Kijana anatoa wimbo, swali la kwanza: "Uko na mesaji?" Kama iko, tunapiga makofi. Kama haiko, tunasema ni muziki wa bule, wa kuchezesha viuno tu. Na sisi tuliosoma njo tunalipenda hilo neno kuliko wengine. Mutu wa moto kule Birere sijawahi kumusikia akiuliza mesaji. Yeye anaongeza sauti ao anaruka wimbo, basi. Ninaona yule wa moto anatushinda kwa ukosoaji, juu yeye kwanza anasikiliza.

Tuchukue wimbo wa amani, maana hapa kwetu tumetunga nyingi sana. Sura yake munaijua. Piano inaanza polepole. Sauti ya mutoto inaingia. Droni inapanda, tunaona Ziwa Kivu, tunaona Nyiragongo na moshi wake. Halafu waimbaji wanasimama kwa mstari ndani ya studio, kila mumoja na kaski kichwani, mukono mumoja unashika kaski, macho yamefungwa. Huyu anaimba Kiswahili, yule Kifaransa, wa tatu anaingiza rap. Refreni: amani, amani, amani. Na mwisho wa klipu, logo.

Hii sura hatukuibuni sisi. Ilikuwa Marekani tangu 1985, katika "We Are the World", wimbo uliotengenezwa kwa kuchangisha pesa ya njaa ya Ethiopia. Mule ndani kila kitu kilikuwa na kazi yake: waimbaji wengi maarufu ili kila mununuzi amupate wake, mwendo wa pole, refreni ambayo ata mutu asiyejua kuimba anaishika. Ni wimbo uliotungwa ili watu walio mbali na shida waifikirie shida na watoe kitu. Ulifanya kazi yake. Lakini sisi tulio ndani ya shida, tukichukua nguo ileile na kuivaa, tunamwimbia nani? Mama wa soko la Virunga hahitaji kuambiwa kwamba vita ni mubaya. Anayehitaji kuambiwa ni yule wa mbali. Kwa hiyo wimbo unatoka Goma, una maneno ya Goma, milima ya Goma iko ndani ya klipu, na masikio yanayotafutwa hayako Goma.

Simulaumu musanii. Studio ni ya kulipa, klipu ni ya kulipa, na nyimbo zenyewe watu wanazipata kwa flashi bila kumulipa mutunzi ata franka moja. Shirika likija na pesa na neno la kuingiza ndani ya refreni, utakataa na watoto watakula nini? Chérie Rivers Ndaliko, aliyefanya kazi na Yole!Africa hapa mujini, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, Necessary Noise, kilichotoka 2016: muziki, filamu na misaada ya mashariki ya Kongo, na namna huruma ya mugeni inaweza kugeuka kuwa utawala. Wengi wetu tulioandika travaye ya mwisho juu ya "sanaa na ujenzi wa amani" hatukukigusa.

Angalieni sasa Festivali Amani. Toleo la kwanza lilikuwa Februari 2014, ku Collège Mwanga, miezi michache tu baada ya vita ya M23 ya wakati ule kuisha. Jina lake ni amani, mabango yake ni amani, hotuba zake ni amani. Lakini watu waliojaa pale hawakwenda kusikiliza hotuba. Walienda kucheza. Walienda kuona orkestra kwa macho yao, kusikia besi ikigonga kifua, kutoka jasho karibu na mutu wasiyemujua. Mimi nikiulizwa amani ilikuwa wapi, nitaonyesha zile shingo na mabega, si maikrofoni ya hotuba. Hiyo ndiyo kazi ya muziki ambayo neno mesaji haliwezi kuipima.

Mushabiki wa muziki wa Goma, kila siku yake iko vile. Asubuhi ni kwaya, kutoka kanisa la karibu ao simu ya jirani, sauti nne zimepangwa vizuri kuliko studio nyingi. Muchana ni Bongo Fleva ndani ya duka na saluni. Redio za ngambo ya Gisenyi zinavuka mupaka bila jeto, na Kinyarwanda kinaingia ndani ya masikio ukitaka usitake. Jioni ku nganda ni Kinshasa: Fally, Werrason, gitaa la seben mpaka usiku. Kwa siku moja mutu huyu amesikia lugha nne na namna tano za kupiga ngoma, na hajaenda mbali na kwake. Ukimuletea wimbo wa piano polepole, anajua mara moja kwamba si yeye anayesemeshwa.

Na anavaa vile anavyosikiliza. Hapa niruhusuni niseme kidogo juu ya basikete nyeupe.

Goma imejengwa juu ya makoro. Volkano ilishuka mpaka katikati ya muji Januari 2002, ikarudi tena Mei 2021 pembeni yake, na lile jiwe jeusi ndilo barabara yetu, ukuta wetu, vumbi letu. Kuvaa nyeupe ndani ya muji kama huu ni kazi ya kila siku. Kijana ananunua basikete za mitumba, anazisugua na brosi na dawa ya meno, anazibeba ndani ya sasheti, anazivaa karibu na mulango wa konseri. Wazazi wanasema ni kujionyesha. Ni kujionyesha, ndiyo! Lakini anajionyesha kwa nani? Kwa wenzake, wanaojua bei ya ile weupe. Mugeni anayepita na gari lenye vioo vilivyofungwa hawezi kuisoma.

Watu wanapenda kulinganisha kila kitu na Sape ya Kinshasa na Papa Wemba, marehemu tangu Aprili 2016, aliyeanguka jukwaani Abidjan. Sape ni jina la fundi ndani ya koti: Wajapani, Waitaliano. Ya kwetu ni tofauti. Tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, usiku ni baridi, kwa hiyo jaketi linavaliwa juu lina kazi. Lebo haijulikani, ilikatwa ndani ya baloti kabla haijafika Birere. Kinachohesabika ni usafi, na ule ukingo mudogo wa kikwembe ambao fundi ameushona ku kola ao ku mufuko. Ni mutindo wa watu wenye maji kidogo na vumbi mingi. Ninautetea bila haya.

Sasa Innoss'B. Mutoto wa Goma, wa 1997, aliyejulikana nchi nzima tangu shindano la Vodacom Superstar mwaka 2010 akiwa bado mudogo kabisa. "Yope" na remix yake na Diamond Platnumz ya 2019 ilipita mara milioni 100 ku YouTube. Wasomi wetu walisema nini? "Wimbo hauna mesaji." Ni kweli, hauna. Una neno moja fupi linalorudi mpaka umati wote umelishika, una miguu inayocheza kabla kichwa hakijaamua, na una uso wa mutu uliopakwa rangi nusu. Ile rangi ilizungumziwa sana. Kuna walioita uchawi. Mimi ninaona muchezaji aliyejua kwamba ndani ya simu ndogo, ya kioo kilichopasuka, mutu anakutambua kwa sekunde mbili ao hakutambui. Alijitengenezea uso ambao hakuna mutu wa mbali alimuagiza.

Ila kuna kitu kinachoniuma ndani ya "Yope", na sijaona mutu akikisema. Sehemu kubwa ya Innoss'B ni Lingala. Kiswahili kinaingia kwa nguvu na Diamond, na ni Kiswahili cha Dar es Salaam. Mutoto wa Goma anamukaribisha mugeni ndani ya wimbo wake, na mugeni ndiye anayekuja na Kiswahili! Sababu ninaielewa: soko la kitaifa liko Kinshasa, na Kinshasa inanunua Lingala; soko la mashariki ya Afrika liko Dar. Kati ya hayo masoko mawili, Kiswahili chetu, cha "njo" na "ao" na "batu", hakina munuzi. Kwa hiyo wimbo mukubwa kabisa uliotoka kwa mutoto wa muji huu haukubeba sauti ya muji huu kama inavyosikika nyumbani. Ni wimbo muzuri, ninaucheza mpaka leo. Lakini hicho ndicho kipengele cha kukosoa, na kinatoka ndani ya wimbo wenyewe. Mesaji haikutusaidia kukiona.

Kile Kiswahili utakisikia kwengine. Utakisikia kwa vijana wa Goma Slam Session, wanaosimama bila ngoma yoyote na kusema kama tunavyosema. Kwenye picha pia kuna mutu aliyelishika swali langu kuliko waimbaji wengi: Pamela Tulizo. Kazi yake "Double Identité", iliyopata zawadi ya Dior ya wapiga picha vijana mwaka 2020, inamuonyesha mwanamuke wa hapa kwa sura mbili, ile ambayo magazeti ya mbali yanaandika na ile anayojiona nayo mwenyewe. Nguo ndani ya zile picha zinafanya kazi ya maneno. Nikiziangalia ninafikiria ule uso wa nusu rangi, na pia zile basikete nyeupe. Ni swali lilelile: nimevaa kwa macho ya nani?

Na kuna Delcat Idengo. Hapa ninaandika polepole.

Kimuziki, hakuwa mutu wa studio kubwa. Kuna nyimbo zake ambazo ngoma inajikokota, na kuna maneno makali ambayo mimi siwezi kuyabeba kinywani mwangu. Lakini sikilizeni anavyoelekeza sauti. Hakumwimbia mufadhili. Aliwaimbia wakubwa, huku wadogo wakisikiliza, kwa lugha ambayo wadogo wanatumia wakiwa peke yao. Kwa ajili ya hizo nyimbo alifungwa zaidi ya mara moja. Alikuwa ndani ya gereza la Munzenze mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia muji na wafungwa wakatoka. Tarehe 13 Februari 2025 aliuawa kwa risasi hapa Goma, wakati alikuwa akitengeneza klipu.

Siku zile nilisoma rambirambi nyingi zilizoandikwa na watu wenye lisansi kama mimi. Karibu zote zilisema alikuwa "sauti ya wasio na sauti" na kwamba nyimbo zake zilikuwa na mesaji. Hakuna aliyesema anaimba namna gani. Hakuna aliyesema kwamba alikuwa anarefusha neno la mwisho wa mustari kama mutu anayemuita mwenzake ngambo ya barabara, na kwamba kwa sababu hiyo watoto walimuimba bila ata kujua siasa. Tulimuzika na neno lilelile tunalowazika nalo waimbaji wa logo. Mutu aliyelipa bei ile alistahili ata kusikilizwa vizuri.

Tangu muji ubadilike, benki zilifungwa, wasanii wengi waliondoka: Kampala, Nairobi, Kinshasa, kambi za huku na huku. Mashirika yaliyolipia refreni mengi yamepunguza kazi ao yamefunga milango. Kuna wanaosema sanaa ya Goma imekufa. Minasema hapana, na sisemi hivyo kwa kufariji mutu. Kile kilichopungua zaidi ni ule wimbo wa logo, juu aliyekuwa akiulipia hayuko. Kwaya hazikunyamaza. Harusi bado zinafanyika muchana, zinaisha mapema juu ya usalama, na ule mutu wa muziki anajua kwamba ana saa tatu tu, kwa hiyo hapotezi dakika na nyimbo za polepole. Anapiga seben, anapiga Bongo, anaingiza "Yope" karibu na mwisho, na mashangazi wenye bikwembe vya sare wanaacha viti. Nyuma ya hema kuna kijana amekaa juu ya jiwe la koro, anapangusa basikete zake kabla ya kuingia.