Puy du Fou: wakulima 2.500 kwenye jukwaa, na hakuna mwenye anasema

Bandugu wa promo, mimi niko mtu wa agronomi, siko mtu wa teatre. Lakini wiki mbili sasa nabaki kwenye video moja ya Ufaransa, Cinéscénie ya Puy du Fou, na nataka tuiongelee, juu ndani yake kuna mkulima, na mkulima ni mambo yetu.

Puy du Fou iko mu Vendée, mangaribi ya Ufaransa, mashambani kabisa. Mu 1978 kijana moja, Philippe de Villiers, mwenye kiisha akakuwa mwanasiasa wa mrengo wa kulia, aliandika mchezo wa usiku wa kuchezwa mbele ya magofu ya kasri yenye ilichomwa 1794, wakati wa vita vya Vendée. Mhusika mkubwa ni Jacques Maupillier, mkulima, na jina lake linapita toka baba kwenda kwa mtoto, karne kwa karne. Park ya mchana, ile yenye watalii wanajua, ilikuja nyuma, 1989. Kwa hiyo pale spektakli njo ilizaa park.

Kazi yenyewe, siwezi kudanganya, inashangaza. Jukwaa iko na hekta 23. Mimi mwenye nilipima mashamba na kamba wakati wa staji, hekta 23 naziona mu kichwa: kwetu Kivu familia mingi zinalima chini ya hekta moja. Pale wanacheza watu karibu 2.500 kwa usiku moja, na ukiongeza wa taa, wa nguo, wa farasi, wa kupokea wageni, wanapita 4.000. Hakuna mwenye analipwa. Ni watu wa vijiji vya pale, wanakuja jioni za Ijumaa na Jumamosi wakati wa joto. Sisi wenye tumefanya staji juu ya staji bila kuona hata franga moja, hilo neno "kujitolea" linatuchoma. Lakini pale chama chao njo kinasimamia mchezo, na faida haiendi mu mfuko wa tajiri. Hapo sikuwa na cha kusema.

Sasa angalia namna inatengenezwa. Sauti inatembea karibu metre 340 kwa sekunde. Mtu akisema kule mwisho wa jukwaa, mwenye kukaa kwenye tribini angemsikia kiisha midomo yake imefunga zamani. Njo maana kila kitu kinafuata bande moja yenye ilirekodiwa mbele: muziki, maneno, vilio. Hata fataki inatumwa sekunde chache mbele ya noti yake, juu inahitaji muda wa kupanda kabla haijapasuka. Wachezaji wanangoja gizani, wanaingia, wanapiga magoti, wanaanguka, wanatoka. Sauti zenye zinasikika ni za waigizaji wakubwa, kati yao Philippe Noiret wa sinema. Maneno ni ya de Villiers.

Hapo shida yangu inaanza. Mkulima mwenye mchezo unabeba hadithi yake hasemi. Anavuna, anacheza mu harusi, anasali, majeshi ya Mapinduzi yanamuua, 1914 anaenda tena vitani. Wapi anabishana juu ya bei ya ngano? Wapi mvua inamkosea? Na wapi jirani yake mwenye alipenda Jamhuri? Walikuwako watu kama hao, hata ndani ya Vendée, zaidi mu miji. Mu 2022 wanahistoria wanne wa Ufaransa walitoa kitabu kizima, Le Puy du Faux, juu ya namna park hiyo inasimulia historia. Wao wanafuata historia. Mimi nafuata tu yule mtu wa jembe, na naona amewekwa pale kama mti muzuri kando ya barabara.

Nilionyesha mama video. Yeye alicheza animation politique akiwa masomoni, wakati wa Mobutu: kupanga mistari kwenye stade, kuimba kiongozi, jua kali. Aliangalia dakika kama kumi, akauliza: "Na hawa, nani anawaita?" Nikamwambia wanakuja wenyewe. Hakusadiki. Kwake kazi ya bure kwa jina la wote inaitwa salongo, na salongo mtu hakuwa anachagua. Nikamweleza tena: mtu wa Vendée akitaka kubaki nyumbani, anabaki. Akanyamaza kidogo. "Sawa. Lakini kama mchezo ni wao, mbona mkubwa moja tu njo anawasemea?"

Sikupata jibu la kumpa. Metre 340 kwa sekunde inaeleza juu ya nini walirekodi. Haielezi juu ya nini walirekodi sauti za wengine, na si za wale wenye wanajua harufu ya ngano yao.

Ukipata video, angalia mara ya kwanza bila sauti. Acha kasri, acha fataki. Fuata wale wa nyuma, mbali na taa, wenye wanaendelea na kazi hata kama kamera imewapita. Kiisha rudisha sauti, uone ni dakika gani wanakupotea.