Kutoka Kwihara hadi Bunge la Uingereza: Stanley na Kalamu ya Ubeberu

Kila aliyepita darasani anamjua Henry Morton Stanley kama mtu aliyemtafuta Livingstone akamkuta Ujiji. Wachache wanajua kwamba mtu huyo huyo alimalizia siasa zake akiwa Mbunge wa Lambeth Kaskazini, London, tangu 1895 hadi 1900. Mambo haya mawili hufundishwa mbalimbali: la kwanza huitwa uvumbuzi, la pili halitajwi. Shabaha ya makala haya ni kuyaunganisha, maana bila hivyo hatuwezi kueleza jinsi ubeberu ulivyotanguliza kalamu kabla ya bunduki.

Asili na msimamo

Stanley hakuzaliwa katika tabaka la mabwana. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, mahali ambapo ubepari wa Kiingereza uliwatupa watoto wasio na mtu. Alikimbilia Marekani, na hatimaye akawa mwandishi wa gazeti la New York Herald. Mwenye gazeti, James Gordon Bennett mdogo, alimtuma Afrika kwa sababu habari ni bidhaa, na habari za Livingstone zingeuza magazeti.

Hapa pana fundisho la kwanza. Asili ya mtu si msimamo wake. Mtoto wa mnyonge anaweza kumtumikia mnyonyaji kwa bidii kuliko mtoto wa mnyonyaji mwenyewe. Kinachoamua ni kazi anayoifanya na ni nani anayefaidika nayo.

Mtihani wa Tabora

Mwezi Februari 1871 msafara wa Stanley, watu karibu 200 katika makundi matano, ulianza kuondoka Bagamoyo. Juni alifika Kwihara, karibu na Tabora, penye njia panda ya misafara iendayo Ujiji na Karagwe. Alikuta vita. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa ameifunga njia ya Ujiji dhidi ya misafara ya wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora. Mwandishi wa habari aliyetumwa kutazama akashika silaha, akaingia vitani upande wa wafanyabiashara. Agosti Mirambo aliwavizia wakashindwa, na Tabora ikachomwa moto.

Tusome basi kitabu alichokitoa mwaka 1872. Mirambo anachorwa humo kama jambazi. Lakini mwaka 1876, baada ya wawili hao kukutana na kuchanjiana udugu wa damu, kitabu cha pili, cha 1878, kinamsifu Mirambo kwa uungwana wake. Je, Mirambo alibadilika katika miaka mitano? Kilichobadilika zaidi ni haja ya mwandishi. Adui wa njia yake alikuwa jambazi; rafiki wa njia yake akawa muungwana.

Hatusemi kwamba Mirambo alikuwa malaika. Rugaruga wake walivamia vijiji, naye alitaka faida ya pembe za ndovu iwe mkononi mwake. Mtazamo sahihi wa historia haufuti dhambi za watemi ili kuwakomoa mabeberu. Lakini swali la msingi la vita ile lilikuwa nani aitawale biashara inayopita katika ardhi ya Wanyamwezi. Swali hilo Stanley alilifunika kwa neno moja la hukumu.

Wapagazi nao wamefunikwa vivyo hivyo. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, karibu kilo 32, siku baada ya siku. Sidi Mubarak Bombay, aliyekwisha kuwaongoza wasafiri wengine kabla yake, alikuwa nahodha wa askari wa msafara. Stanley mwenyewe anaandika bila haya kwamba aliwachapa watu wake mijeledi. Na Livingstone hakuwa amepotea kwa watu wa Ujiji. Walikaa naye na kujua nyumba yake. Alikuwa amepotea kwa wasomaji wa London na New York tu. "Kumvumbua" kulikuwa biashara ya wasomaji hao.

Kutoka kitabu hadi mkataba

Sifa iliyopatikana katika njia ya Tabora ikawa mtaji. Tangu 1879 hadi 1884 Stanley alimtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji nchini Kongo, akifungua njia, akijenga vituo na kukusanya mikataba ya machifu. Wakongo walimwita Bula Matari, mvunja mawe, na jina hilo likaja kuwa jina la serikali ya kikoloni yenyewe. Hakuwa mtawala wakati mikono ya watu ilipokatwa kwa ajili ya mpira, lakini misingi ya dola ile aliijenga yeye.

Ndipo likaja Bunge. Mwaka 1892 aligombea akashindwa. 1895 akashinda, kwa tiketi ya Waliberali waliojitenga mwaka 1886 kwa kupinga Ireland kujitawala. Bungeni hakuacha alama kubwa. Kiti kilikuwa malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika nje ya Bunge.

Bunge la nani?

Tabora hiyo hiyo, Januari 1958, iliona mjadala wa aina nyingine kabisa. TANU ilijadili kama iingie uchaguzi wa kura tatu, wenye masharti ya kibaguzi. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie. Uamuzi huo ukaitwa wa busara, na TANU ikashinda. Viti vile havikuwa malipo ya sifa ya mtu. Vilikuwa silaha ya umma, na Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Hicho ndicho kipimo tunachowaachia makada na wanafunzi. Watangazaji na waandishi wenye majina huingia mabungeni hata leo, na si kosa. La kuuliza ni hili: sauti yake ilijengwa kwa kuwasemea nani? Anayekwenda Kwihara kuitazama nyumba aliyokaa Livingstone aulize pia walilala wapi wapagazi. Na mwalimu anayefundisha safari ya 1871 aimalizie Lambeth, ili mwanafunzi auone mwisho wa njia ile.