Sanamu ya Bamiyan Iliyorudishwa kwa Picha

Mwezi wa Machi, 2001, utawala wa Taliban ulizivunja kwa baruti sanamu mbili kubwa za Buddha zilizochongwa jabalini katika bonde la Bamiyan, Afghanistan. Iliyo ndefu zaidi ilipita mita 50. Baadaye Armin Gruen, Fabio Remondino na Li Zhang, wa chuo cha ETH mjini Zürich, waliiunda upya sanamu hiyo ndani ya kompyuta kwa picha peke yake. Kazi yao imesifiwa, na yastahili; walakini sifa nyingi zimepewa mashine, nayo haikuwa na sehemu iliyo bora.

Njia yenyewe haina uchawi. Nukta moja ya jiwe ikionekana katika picha mbili zilizopigwa kutoka mahali mbalimbali, mstari hutolewa katika kila picha, ukipita kwenye lenzi kuiendea nukta ile. Mistari ikutanapo ndipo nukta ilipokuwa. Nukta zikiwa nyingi, umbo hutokea. Picha zilizotumiwa zilikuwa za namna tatu: za intaneti, za watalii, na tatu alizopiga Robert Kostka wa Graz, Austria, mwaka 1970. Hizi za Kostka ndizo zilizobeba mzigo, maana yeye alikwenda kupima, hali wengine walitaka ukumbusho wa safari tu.

Lakini uhai wa sanamu hiyo ulikuwa katika mikunjo ya joho lake. Mafundi wa kale waliifanya kwa kamba zilizoshikwa na vigingi, kisha wakazikandika udongo, hata mwamba mzito ukaonekana kuwa nguo nyepesi. Kompyuta ilipoachiwa kazi peke yake, ilitoa mwili uliolingana vema, na joho kama lililopigwa pasi. Sababu yaeleweka. Mashine hulinganisha vipande vidogo vya picha, ikichukulia kwamba ndani ya kila kipande uso wa jiwe ni laini. Mkunjo mwembamba hupotea humo bila kosa lo lote la hesabu. Ikabidi mtu akae azitazame picha kwa macho yake, na kuufuata mkunjo mmoja mmoja kwa mkono.

Basi sehemu ipendezayo kuliko zote ni fasiri ya mtu. Si aibu, wala si uzushi: sanamu ilikuwa imekwisha kupoteza uso wake zamani, kabla ya 2001, na waundaji hawakuthubutu kuibunia mwingine. Hata hivyo, umbo likiisha kuvikwa rangi za picha, mtazamaji hawezi tena kutenga kilichopimwa na mashine na kilichosomwa na jicho. Kwa mtazamaji wa kawaida upungufu huo ni mdogo. Kwa fundi atakayeamriwa siku moja kuisimamisha sanamu upya kwa kufuata vipimo hivyo, ni mkubwa sana, kwani atachonga kila mkunjo kwa imani moja.