Makabuli

Mtoto wa darasa la pili akiambiwa aandike "makaburi", si ajabu akaandika "makabuli". Huwaza hivyo kila nikiliona jalada la Pet Sematary, riwaya ya Stephen King iliyotoka mwaka 1983, maana kosa la tahajia katika jina lile, Sematary badala ya Cemetery, ni la makusudi. Ni mwandiko wa watoto. Katika mji mdogo wa Ludlow, jimbo la Maine, watoto wametenga uwanja msituni wa kuzikia paka na mbwa wao, wengi wakiwa wamegongwa na malori, wakaweka kibao na kukosea kuandika. Hujafungua ukurasa wa kwanza, na tayari King ameshakuwekea mkono wa mtoto mbele ya macho. Siku mtu atakapoitafsiri riwaya hii kwa Kiswahili, namwomba asilisahihishe kosa lile. Aiite Makabuli.

Waliokisoma kitabu hiki hawakubaliani. Wapo wanaosema ndicho cha kutisha kuliko vyote alivyoandika King, na mwenyewe amewahi kusema hivyo hivyo. Wapo wanaolalamika kwamba kinachelewa mno. Kurasa kwa kurasa daktari Louis Creed anahamia nyumba mpya na familia yake, anaanza kazi kwenye zahanati ya chuo kikuu, anakunywa bia barazani kwa jirani yake, Mzee Jud Crandall, anabishana na mkewe kama binti yao wa miaka mitano aambiwe habari za kifo au afichwe. "Sasa hilo jini liko wapi?" aliniuliza rafiki yangu mmoja, akanirudishia nakala yangu bila kuimaliza.

Kwangu mimi, kuchelewa kule ndiko ufundi wenyewe. Chukua sura ya tiara. Ni mwezi wa Machi, kuna upepo mzuri, na Louis amemtoa mwanawe Gage, mtoto wa kama miaka miwili, waende uwanjani kurusha tiara. Baba anaipandisha, kisha anamshikisha mtoto uzi. Mtoto anaona kitu kilicho mbali vile angani kinavutika mkononi mwake, anacheka kwa kelele. Basi hapo hapo, katikati ya kicheko, bila kubadili sauti, msimulizi anatudokeza kwamba mtoto huyu amebakiwa na muda usiotimia miezi miwili ya kuishi. Hakuna radi, hakuna bundi. Tiara inaendelea kupaa.

Kwetu mtu hupandishwa basi la usiku akiambiwa mgonjwa kazidiwa, na wote aliofuatana nao wanajua kwamba msiba umeshatokea. Wanamnunulia maji, wanamuuliza kama amekula, wanatazama pembeni. King ametuketisha kwenye viti vya hao wanaojua. Tangu siku ya tiara, kila Gage anapolishwa au kuvalishwa koti, msomaji anatazama pembeni.

Na ajali yenyewe, ya lori linalomuua Gage, hatuonyeshwi kwa mpangilio tunaoutarajia. Tunafika msibani kwanza, kisha tunarudishwa barabarani. Baadaye inakuja sura ambamo Louis anamuwahi mwanawe, anamdaka, na maisha yanaendelea: mtoto anakua, anasoma, anakuwa muogeleaji, anavishwa medali ya dhahabu ya Olimpiki mbele ya wazazi wake. Ni maisha mazima, yamesimuliwa kwa utulivu kama hati ya kiwanja. Kisha yanachukuliwa. Sijui mwandishi mwingine wa hofu aliyethubutu kumwogofya msomaji kwa kumpa furaha tupu.

Jini analolitafuta rafiki yangu lipo, ila limekuja katika umbo la paka. Church, paka wa binti, anagongwa. Mzee Jud anampeleka Louis usiku, mbali nyuma ya makaburi ya watoto, amzike kwenye ardhi nyingine. Kesho yake paka yupo nyumbani. Hatoi moto machoni wala hasemi. Anayumba kidogo akitembea, ananuka udongo, manyoya yake ukiyagusa unatamani kunawa. Panya na ndege anawaua na kuwararua. Binti anachoona ni kwamba paka wake ananuka. Aliyewahi kusimama kaburini akatupa konzi tatu za udongo anaijua harufu hiyo. Hukaa viganjani hadi jioni. Mwandishi mwingine angetuletea joka. King ametuletea paka asiyependeka tena.

Msomaji wa Tanzania hakiendei kitabu hiki mikono mitupu. Tumekua na habari za misukule: mtu kafa, kazikwa, kumbe wachawi wamemchukua na wanamlimisha usiku. Katika habari hizo mwovu yuko nje ya nyumba, na ndugu wanaomba mpendwa wao arudishwe. Katika riwaya hii anayekwenda kufukua kaburi ni baba mzazi, na sururu ameishika kwa mapenzi. Louis ni daktari, anajua maiti ni nini, na paka ameshamwona. Kila hatua anayo sababu, na kila sababu inakugusa mpaka unasema moyoni: hata mimi.

Lawama moja naikubali. Ardhi ile inatajwa kuwa ni mahali pa maziko ya kale ya watu wa Mi'kmaq, lakini katika kitabu kizima watu hao hawapewi nafasi ya kusema neno lao wenyewe. Wamewekwa huko nyuma kama moshi. Nao wapo Maine hadi leo. Serikali ya Marekani ilitambua rasmi jamii yao ya Aroostook mwaka 1991. Sisi ambao mizimu yetu imetumiwa na wageni kuwatishia wasomaji wao, jambo hili haliwezi kutupita hivi hivi, hata tukimpenda mwandishi.

Barabara ya malori King hakuibuni. Mwishoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Maine, alipanga nyumba Orrington kando ya barabara ya namna hiyo. Karibu na nyumba watoto wa mtaa ule walikuwa na makaburi ya wanyama wao. Paka wa binti yake aligongwa, akazikwa humo. Siku nyingine mwanawe mdogo alikimbilia barabarani, akawahiwa. Riwaya imetoka kwenye swali hili: ingekuwaje asingewahiwa? Alipoimaliza, mkewe hakuipenda, naye akaifungia kwenye mtoto wa meza. Haikutoka mpaka alipotakiwa kumalizana na mchapishaji wake wa zamani. Mtu anayeogopa alichokiandika amekiandika kweli.

Mwisho nao unagombanisha watu. Louis ameketi peke yake akicheza karata, nyuma yake nyayo zinakuja, mkono wa baridi unamgusa begani, neno moja linasemwa, kitabu kinafungwa. Wengine wanahisi wamedhulumiwa. Lakini W. W. Jacobs, katika hadithi yake ya "The Monkey's Paw" ya mwaka 1902, alimbakisha mfu nje ya mlango akibisha hodi, wala hatukumwona. King ameufungua mlango ule, akamruhusu mgeni aingie hadi kwenye kiti, akazima taa. Kurasa kumi zaidi zingetupunguzia hofu.

Dada yangu hakufika huko. Nilimwazima kitabu mwaka ambao mwanawe alikuwa ameanza kukimbiakimbia uani. Baada ya wiki mbili alinirudishia, akasema tu, "Chukua kitabu chako, mdogo wangu." Alikuwa ameweka alama kwa tiketi ya daladala. Ipo hadi leo, pale pale alipoishia, penye tiara.